Chumba cha Kaharabu kule Urusi: waongozaji wawili, hadithi mbili. Cha asili kiko wapi?

#1 Safari_Njema
Wakuu, habari za jioni. Kuna kampuni ya safari imenitumia ratiba ya kuzunguka makasri ya wafalme wa Urusi, Saint Petersburg na vitongoji vyake, mwezi wa sita: Kasri la Majira ya Baridi (ndani ya makumbusho ya Hermitage), Peterhof, Kasri la Catherine pale Tsarskoye Selo, na Pavlovsk. Kila mahali tunapewa mwongozaji. Bei yake imesimama, ndiyo maana nataka kujua ninalipia nini.

Swali langu hasa: kwa Kasri la Catherine wameandika "Chumba cha Kaharabu, cha mwaka 1701", yaani chumba chenye kuta za paneli za kaharabu (utomvu wa miti wa kale ulioganda kama jiwe). Binamu yangu alikwenda, mwongozaji wake akawaambia cha asili kiliungua vitani na wanachokiona ni kipya. Mfanyakazi mwenzake alikwenda na kundi jingine, akaambiwa cha asili kimefichwa mgodini Ujerumani na ipo siku kitapatikana. Jumba ni lile lile, chumba kile kile, na waongozaji wote wana vyeti. Nani mkweli? Na kama ni kipya, kuna haja ya kukipangia foleni?

#2 Kijiwe_Mbuyuni
Natandika mkeka hapa. Mzee wa Neva akiuona uzi huu hatulali.

#3 Mama_Zulfa
Ni kipya, mdogo wangu, na wala hawakifichi. Humo humo kasrini wametundika picha za jumba lilivyokutwa mwaka 1944: paa limeporomoka, kuta zimekaa wazi, theluji imeingia ndani.

Utaratibu wao ni huu. Mlangoni mnavaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, kulinda sakafu ya mbao. Mnapewa kifaa cha sikioni ili mwongozaji asipige kelele. Kisha mnakwenda chumba baada ya chumba, na huwezi kurudi nyuma. Kwenye Ukumbi Mkuu anawaacha mzunguke, maana ni zaidi ya mita za mraba 800, dhahabu na vioo kila upande. Kwenye Kaharabu ni kinyume: kundi la nyuma linasubiri mlangoni, la mbele ndio linatoka, na nyie mnageuka na kutazama juu mara mbili tatu, basi. Nilipokwenda mimi picha zilikatazwa humo.

Haja ipo. Kuta zote nne zimekaa kama asali iliyowashiwa taa. Ila omba kundi lako lipewe muda wa asubuhi mapema.

#4 Mwalimu_Historia
Tuweke msingi kwanza.

Kazi ya chumba hicho ilianza Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, mwaka 1701, chini ya Mfalme Friedrich wa Kwanza. Mwaka 1716 mwanawe, Friedrich Wilhelm, akampa Peter Mkuu wa Urusi kama zawadi ya urafiki dhidi ya Uswidi. Peter naye akarudisha fadhila kwa kumpelekea askari warefu, kwa sababu yule mfalme alikuwa anakusanya majitu ya kujaza kikosi chake. Ni Elizabeth, binti wa Peter, aliyekihamishia Tsarskoye Selo mwaka 1755. Ukumbi wa huko ulikuwa mkubwa kuliko paneli zilizokuwepo, kwa hiyo mbunifu wake Rastrelli akajazia vioo na paneli za kupaka rangi zifanane na kaharabu.

Septemba 1941 Wajerumani wanaingia. Wahifadhi walikuwa wamejaribu kuzing'oa paneli wakaona kaharabu inapukutika, maana ilishakauka kwa miaka zaidi ya 200. Wakaamua kuzifunika kwa karatasi na pamba zibaki ukutani. Wajerumani wakazing'oa kwa muda wa saa 36, wakazipakia na kuzipeleka kwenye kasri la Königsberg, mji unaoitwa Kaliningrad leo. Ushahidi wa kuaminika unaishia Königsberg. Baada ya hapo kila mtu ana lake.

Kipya kilianza kutengenezwa mwaka 1979 na kufunguliwa Mei 2003, mji wa Saint Petersburg ulipotimiza miaka 300. Picha walizofanyia kazi nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo @Safari_Njema, huo mwaka 1701 kwenye ratiba yako una maana kwa chumba ambacho hakipo tena pale.

#5 Kijiwe_Mbuyuni
Huyo Catherine Mkuu alijijengea jumba kubwa hivyo kisha akaweka zawadi ya watu wengine ndani?

#6 Mwalimu_Historia
Hapana, @Kijiwe_Mbuyuni. Jina ni la Catherine wa Kwanza, mke wa Peter, aliyejengewa nyumba ya kawaida tu hapo. Hilo jumba la buluu na nyeupe lenye upana wa kama mita 300 ni la Elizabeth, Rastrelli akilimaliza mwaka 1756. Catherine Mkuu alikuja baadaye na hakupenda mapambo mengi ya Elizabeth. Alimleta Charles Cameron, Mskoti, amtengenezee vyumba vitulivu zaidi. Pavlovsk pia ni ya Cameron, aliyojengewa Paul mwana wa Catherine. Ukitoka Kasri la Catherine ukaingia Pavlovsk siku hiyo hiyo utaona wazi ladha ilivyobadilika ndani ya miaka 30 tu.

#7 Kaskazi_Mombasa
Kiliungua. Mbona watu hawataki kukubali?

Königsberg ilipigwa mabomu na Waingereza Agosti 1944. Msimamizi wa makumbusho pale kasrini, Alfred Rohde, aliandika baadaye kwamba chumba kimesalimika isipokuwa paneli chache za chini. Ikaja Aprili 1945, jeshi la Kisovieti likauteka mji tarehe 9. Baada ya hapo kasri likawaka. Profesa Brusov akatumwa kutoka Moscow mwaka huo huo, akachimbua majivu, akahitimisha kwamba chumba kiliteketea kati ya tarehe 9 na 11 Aprili. Mwaka 1946 zikapatikana mozaiki tatu za mawe zilizoungua, zilizokuwa zimepachikwa ndani ya paneli za kaharabu. Chumba kilikuwa na mozaiki nne. Tatu zimekutwa kwenye majivu. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Mwongozaji wa binamu yake mleta mada ndiye mkweli.

#8 Forodhani_Guide
Mimi naongoza watalii Mji Mkongwe, na kuhusu kuungua naweza kuchangia kitu. Kaharabu ni utomvu wa miti ulioganda chini kwa mamilioni ya miaka. Sisi pwani tunayo sandarusi, utomvu wa namna hiyo hiyo ila wa umri mdogo zaidi, uliokuwa unachimbwa Mrima na kupitia Unguja hadi Salem kule Marekani kutengenezea vanishi. Babu zetu walijua ukitupa kipande motoni kinashika, kinatoa moshi na harufu, kisha huna kitu. Kwa hiyo @Kaskazi_Mombasa usitegemee majivu ya kaharabu yakuoneshe chochote. Mozaiki ni mawe, zimebaki. Kaharabu ingekuwa imekwenda na upepo. Hilo linawasaidia wote wawili, anayesema kiliungua na anayesema hakikuwemo.

#9 Kaskazi_Mombasa
@Forodhani_Guide, naona unanipa kwa mkono wa kulia unachukua kwa kushoto.

#10 Binti_Nakuru
Hamjambo nyote. Nilisoma kwamba kilipakiwa kwenye meli ya Wilhelm Gustloff kutoka Königsberg, ikazamishwa na nyambizi ya Kisovieti Januari 1945. Watu kama 9,000 walikufa, wengi wanawake na watoto waliokuwa wanakimbia vita. Kama masanduku yalikuwemo, yako chini ya bahari ya Baltiki, na kaharabu chini ya maji haiozi.

#11 Mwalimu_Historia
Meli ni hiyo na tarehe ni 30 Januari, ila haikuondokea Königsberg. Ilitoka Gotenhafen, yaani Gdynia ya leo, Poland. Ili masanduku yafike huko yangepaswa kusafirishwa kwanza kwa nchi kavu au kwa maji katika majuma ambayo Warusi walikuwa wameshaanza kuuzunguka mji. Wapo waliozamia kwenye mabaki yake miaka mingi iliyopita, hawakutoka na chumba.

#12 Binti_Nakuru
Sawa Mwalimu, basi ile nyingine, Karlsruhe. Wazamiaji wa Poland walitangaza mwaka 2020 kwamba wameipata, kina cha mita 88, na ndani wakaona masanduku yaliyofungwa. Hiyo ilikuwa ikisafiri kutoka eneo la Königsberg lenyewe, Aprili 1945. Njia fupi, wakati wenyewe, mzigo upo. Mimi hapo ndipo ninapoweka imani yangu.

#13 Kaskazi_Mombasa
Ilizama tarehe 13 Aprili. Mji ulishasalimu amri tarehe 9. Nani alibeba paneli za ukubwa ule kutoka kasri lililozingirwa?

#14 Binti_Nakuru
Nani kasema zilibebwa siku ya mwisho? Zilikuwa kwenye masanduku tangu mabomu ya Agosti. Zingeweza kutoka kasrini miezi kabla.

#15 Msafiri_Dubai
Kuna hadithi ya tatu, ya mgodi. Rohde alikuwa na maagizo Januari 1945 ya kuhamishia vitu Saxony, ndani ya Ujerumani, na ndiyo sababu Wajerumani wamechimba kwenye milima ya huko kwa miaka. Mwaka 2008 pale Deutschneudorf walileta mitambo kabisa na waandishi wa habari wakapiga kambi. Hawakukipata. Lakini kijiji kimoja kuchimbwa hakufuti milima yote.

Na kuna kitu ambacho @Kaskazi_Mombasa hajakisema. Ile mozaiki ya nne ilipatikana Bremen mwaka 1997, kwenye familia ya mtu aliyekuwa mwanajeshi wa Kijerumani. Ilirudishwa Urusi mwaka 2000, pamoja na kabati dogo la droo lililokuwa la chumba hicho na lenyewe likapatikana Ujerumani. Sasa kama kipande kimoja kilitoka kikakaa nyumbani kwa mtu miaka 50 na hakuna aliyejua, kwa nini vingine visiwe vimetoka?

#16 Kaskazi_Mombasa
Kwa sababu kile kiliibwa njiani, kabla hakijafika. Hesabu ni nne. Moja iliibwa, tatu zimeungua. Hesabu imefunga.

#17 Msafiri_Dubai
Imefunga kwa mozaiki. Kwa paneli haijafunga. Kuchumov, mhifadhi aliyekuwa amekabidhiwa chumba hicho kabla ya vita, ndiye aliyeshiriki kupata hizo mozaiki tatu, na bado alikataa kusema chumba kizima kiliungua. Alikitafuta miaka mingi. Aliyekijua kuliko wote hakushawishika, mimi nishawishike kwa lipi?

#18 Mama_Zulfa
Alikipenda. Aliyekuwa na dhamana ya kitu kikapotea mikononi mwake hawezi kusema kirahisi kwamba kimekuwa majivu. Mimi hilo naliona hata kwa mwongozaji wetu, alisema "kiliibwa", hakutamka "kiliungua" hata mara moja.

#19 Mzee_wa_Neva
Nimewasoma. Asanteni kwa uzi.

Nilisoma uhandisi Leningrad (ndiyo Saint Petersburg ya leo) miaka ya themanini, na Tsarskoye Selo tulipelekwa na chuo kwa treni ya mjini. Kijiografia ni kama kilomita 25 kusini. Wakati huo mji uliitwa Pushkin, na rasmi bado unaitwa hivyo. Chumba cha Kaharabu hakikuwepo. Kulikuwa na mafundi wanafanya kazi mahali ambapo sisi hatukuruhusiwa, na mwongozaji wetu, mama mtu mzima, alisimama mbele ya mlango akatueleza kilichokuwepo ukutani kipande kwa kipande, kana kwamba tunakiona. Baadaye chakulani alituambia alikuwa mtoto ndani ya mzingiro. Mzingiro huo wa Wajerumani kuizunguka Leningrad ulikwenda siku 872, watu zaidi ya laki sita wakafa, wengi kwa njaa.

Mdogo wangu Safari_Njema, kabla ya kuuliza mwongozaji gani mkweli, jua hawa watu wana desturi ya muda mrefu ya kuongoza wageni kwenye kitu ambacho hakipo. Julai 1941 Hermitage ilisafirisha vitu zaidi ya milioni moja kwa treni hadi Sverdlovsk, nyuma ya milima ya Ural. Picha zilitolewa kwenye fremu, fremu zikaachwa ukutani ili zijulikane zirudi wapi. Katika mzingiro, mfanyakazi mmoja wa makumbusho, Pavel Gubchevsky, aliwazungusha askari waliokuja kusaidia kusafisha kumbi, akawaelezea kila picha mbele ya fremu tupu: Rembrandt alikuwa hapa, mkono wa baba umekaa hivi, mwanga unatokea huku. Askari walisimama wakasikiliza. Mimi nikiwa Hermitage siangalii picha kwanza, naangalia fremu.

Kwa hiyo kwa mtu wa mji ule, Chumba cha Kaharabu kilichotengenezwa miaka 24 kwa mkono ni jibu kwa waliokuja kuuangamiza mji. Hakiulizi kama ni cha asili.

#20 Kijiwe_Mbuyuni
Nilisema hatulali. Shikamoo Mzee.

#21 Fundi_Mabomba
Marahaba nitaipokea kwa niaba yake. Naomba nipeleke mada Peterhof kidogo, maana kwenye ratiba imo na mimi ni mtu wa maji.

Chemchemi za Peterhof, zaidi ya mia, hazina pampu. Narudia, hazina pampu. Maji yanatoka vilima vya Ropsha, kusini, yanashuka kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 20 hadi kwenye mabwawa ya juu, kisha yanaanguka kwa uzito wake kupitia mabomba na kuruka juu. Mhandisi Tuvolkov aliifanya mwaka 1721, na Peter mwenyewe alishika sururu siku ya kuanza. Samson, ile sanamu ya dhahabu inayopasua taya za simba, inarusha maji mita 20. Mfalme wa Ufaransa pale Versailles alikuwa na mitambo mikubwa na bado maji hayakumtosha kuwasha chemchemi zote kwa pamoja. Ukifika, usisimame tu mbele ya Samson kupiga picha. Muulize mwongozaji akuoneshe bustani ya juu na mabwawa yake, ndiko kazi ilikofanyika. Wengi hawakupeleki.

#22 Mwalimu_Historia
Umesema vizuri. Na Samson naye ana kisa cha aina hii hii. Wa kwanza alikuwa wa madini ya risasi, mwaka 1735, kukumbuka ushindi dhidi ya Waswidi pale Poltava mwaka 1709, uliotokea siku ya Mtakatifu Sampson. Wa pili alikuwa wa shaba iliyopakwa dhahabu. Vita ilipokwisha hakuonekana. Aliyepo ametengenezwa mwaka 1947. Hakuna anayeuliza Samson wa asili yuko wapi, ila kaharabu kila mtu anaisaka.

#23 Msafiri_Dubai
Kwa sababu kaharabu ina bei, Mwalimu.

#24 Forodhani_Guide
Nimekaa na maneno ya Mzee wa Neva. Sisi huku mwaka 1896 Waingereza waliyapiga mabomu makasri ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, na Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka. Kila siku nasimama mbele ya wageni nikieleza kitu ambacho nusu yake haipo. Mgeni anauliza: hii ni ya asili? Nimejifunza kumwambia wazi lipi la asili, lipi limejengwa upya na lini, kisha ndiyo namhadithia. Mwongozaji akikuambia "kimefichwa, kitapatikana", anakupa msisimko. Akikuambia "kiliungua", anakupa hitimisho. Mimi ningetaka yule anayesema: Aprili 1945, hapa ndipo nyaraka zinapokatika, na haya ndiyo yanayosemwa.

#25 Safari_Njema
Nimefurahi kuwasoma. Swali dogo: nikienda peke yangu bila kundi nitapoteza nini?

#26 Mama_Zulfa
Hermitage hutapoteza kitu, nunua tiketi yako mtandaoni uingie, ramani ipo. Anza na ngazi ya Jordan, nenda ukaione saa ya Tausi iliyotengenezwa na James Cox, kisha potea. Kasri la Catherine majira ya joto, kundi lenye muda wake linapita na wewe wa peke yako uko nje kwenye foleni ndefu. Peterhof bustani nenda mwenyewe, tena kwa boti ya kasi kutoka gati la Hermitage, kama dakika 40 mnatokea mbele ya Samson kabisa.

Beba fedha taslimu. Kadi za Visa na Mastercard za kwetu hazifanyi kazi Urusi tangu mwaka 2022. Na muulize mwenye kampuni mwongozaji ni nani, siku hizi huko sheria inamtaka awe amefanyiwa mtihani na kupewa kitambulisho.

#27 Kijiwe_Mbuyuni
Na paka? Nasikia Hermitage kuna paka wana mishahara.

#28 Mama_Zulfa
Mishahara hawana, kazi wanayo. Elizabeth aliagiza paka kutoka Kazan mwaka 1745 wapambane na panya, na hadi leo wanakaa chini kwenye vyumba vya msingi. Kwenye kumbi huwaoni.

#29 Binti_Nakuru
Kabla uzi haujaenda mbali: kuna mtu amesema mji unaitwa Pushkin. Ni kweli Pushkin, yule mshairi wa Kirusi, alikuwa Mwafrika?

#30 Mzee_wa_Neva
Babu wa mama yake ndiye Mwafrika, Abram Gannibal. Aliletwa mtoto, kupitia Istanbul, akafika kwa Peter Mkuu. Peter akamsimamia ubatizo Vilnius mwaka 1705, akampeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi, akaja kuwa jenerali na mjenzi wa ngome. Alifariki mwaka 1781. Pushkin mwenyewe alisoma shule ya Lyceum, iliyofunguliwa mwaka 1811 kwenye ubavu wa Kasri la Catherine. Kwa hiyo mtoto wa ukoo wa Mwafrika aliishi ukuta mmoja na wafalme, na bado unaweza kuingia kwenye chumba chake kidogo, namba 14. Mwambie mwongozaji wako akupeleke Lyceum, ni hatua chache tu kutoka kasrini na makundi mengi yanaipita.

Alikuwa Mhabeshi, kutoka upande wa Eritrea ya leo.

#31 Mwalimu_Historia
Hapo Mzee nitakupinga kwa heshima zote. Uhabeshi ilipendekezwa na mtafiti wa Kirusi, Anuchin, mwaka 1899, na ilikubalika muda mrefu. Lakini Gannibal mwenyewe kwenye ombi lake kwa Elizabeth mwaka 1742 aliandika alizaliwa mji wa Lagon, kwenye milki ya baba yake. Mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, ameuonesha kuwa Logone, kusini mwa Ziwa Chad, upande wa Kameruni ya leo. Njia ya misafara kutoka huko kwenda Tripoli na kisha Istanbul inajulikana.

#32 Mzee_wa_Neva
Eritrea nako kuna mahali panaitwa Logo, Mwalimu. Asmara wana sanamu ya Pushkin, na Addis Ababa pia.

#33 Mwalimu_Historia
Sanamu haithibitishi kuzaliwa, Mzee wangu.

#34 Goma_Kwetu
Mimi niko Ulaya. Nilipokwenda Kasri la Majira ya Baridi mwongozaji alitaja Waafrika waliokuwa wanasimama milangoni mwa mfalme, wamevaa nguo nyekundu na vilemba, akasema walikuwa watumwa. Ni kweli?

#35 Mzee_wa_Neva
Karne ya 18 wengi waliletwa hivyo. Karne ya 19 walikuwa watumishi wa mshahara, wengine kutoka Uhabeshi, wengine Wamarekani weusi waliokimbilia kazi ambayo kwao wasingeipata. Nero Prince alikuwa mmojawapo, na mkewe Nancy aliandika maisha yao, ameeleza mafuriko makubwa ya Saint Petersburg ya mwaka 1824 kwa macho yake. Wa mwisho mwisho anajulikana kwa jina la Jim Hercules, alikuwa kwa Nicholas wa Pili. Akienda likizo Marekani alirudi na jamu ya mapera kwa watoto wa mfalme. Ukitaka kusikia habari zao vizuri nenda Kasri la Alexander, jirani tu na la Catherine. Ndiko familia ile iliishi, na ndiko ilikofungiwa mwaka 1917 kabla ya kupelekwa Siberia. Vyumba vyao vilifunguliwa tena mwaka 2021. Naona kwenye ratiba ya mleta mada halimo, na mimi ningeliweka kabla ya Pavlovsk.

#36 Fundi_Mabomba
Kabla ya Pavlovsk sikubali. Pavlovsk iliungua mwaka 1944 ikabaki kuta, na ilikuwa ya kwanza kurudishwa nzima. Wote waliorudisha makasri mengine walijifunzia pale. Anayejali kazi ya mikono asiiruke.

#37 Kaskazi_Mombasa
Na imeungua, si ndiyo? Vitu huungua jamani. Kasri la Majira ya Baridi lenyewe liliteketea Desemba 1837, likajengwa upya ndani ya kama mwaka mmoja na miezi michache. Kwa kaharabu tu ndiyo moto hauruhusiwi kuwa jibu.

#38 Binti_Nakuru
Wakishamaliza kufungua masanduku yote ya Karlsruhe nitakuita hapa, @Kaskazi_Mombasa.

#39 Kaskazi_Mombasa
Nipo. Njoo nayo.

#40 Mama_Zulfa
@Safari_Njema jambo moja usije ukalia. Hermitage hufungwa Jumatatu. Kasri la Catherine ni Jumanne, pamoja na Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Jumba Kuu la Peterhof ni Jumatatu, na Jumanne ya mwisho wa mwezi. Msimu wa watu wengi hubadilisha mara nyingine, kwa hiyo hakiki. Ratiba yako inakupeleka Tsarskoye Selo siku gani?

#41 Safari_Njema
Imeandikwa Jumanne, saa nne asubuhi.

#42 Mama_Zulfa
Waandikie leo hii, kabla hujalipa kianzio.